Jimbo la Xikang: lilikuwepo, ila nusu yake ilikuwa ya kwenye ramani

Swali limetoka kwa mwalimu wa jiografia wa shule ya sekondari: "Kwenye stoo ya shule tuna atlasi chakavu ya Kiingereza, imechanika kurasa za mwanzo. Kati ya Sichuan na Tibet kumechorwa jimbo kubwa limeandikwa Sikang. Kwenye ramani za leo halimo. Je, ni makosa ya mchapaji, au lilikuwepo kweli? Na kama lilikuwepo, nani alilifuta, na watu wake wako chini ya nani sasa?"

Mwalimu, mchapaji hakukosea. Sikang, ambalo siku hizi huandikwa Xikang, lilikuwa jimbo halali la China kuanzia tarehe 1 Januari 1939 hadi 1955. Ramani yako imekudanganya kwa jambo moja tu, nalo ni mpaka wa magharibi. Mchoraji amelivuta jimbo hadi Gyamda, si mbali sana na Lhasa, mji mkuu wa Tibet, kwa kuwa ndivyo serikali ya China ilivyodai. Hakuna gavana wa Xikang aliyewahi kukusanya kodi huko. Amri yake iliishia kwenye mto Jinsha, ambao ni Yangtze yenyewe ikiwa bado milimani, na ng'ambo walitawala maofisa wa Dalai Lama. Shika hilo la mto, maana ndilo litakalokufungulia mengine.

Kuhusu umri wa atlasi yako, angalia kaskazini ya Beijing. Ukiona jimbo la Chahar, ramani inaeleza hali ya kabla ya 1952. Ukikosa Chahar ukaona Suiyuan, ni kabla ya 1954. Rehe, jimbo jingine la huko kaskazini, lilifutwa siku moja na Xikang, mwaka 1955. Usiuamini sana mwaka wa kuchapwa hata ukiupata, maana wachapaji wa atlasi mara nyingi hurudia ramani ya zamani na kubadili jalada.

Sasa tuingie ndani. Nchi yenyewe ni Kham, ukingo wa mashariki wa uwanda wa juu wa Tibet. Mito mikubwa inashuka hapo kutoka kaskazini kwenda kusini, kila mmoja ndani ya korongo lake, na kutoka bonde moja hadi la pili unapanda kilele na kushuka tena. Wakazi wake, Wakhampa, husema Kitibeti cha lahaja yao, ni Wabudha, na wamesifika tangu zamani kwa farasi na biashara. Kham haikuwa dola moja. Kulikuwa na ufalme wa Derge, ulioshika kingo zote mbili za Jinsha na kuwa na nyumba ya uchapaji iliyoanzishwa 1729, ambayo hadi leo ina vibao vya mbao zaidi ya 200,000 vilivyochongwa maandiko. Kulikuwa na ufalme wa Chala, machifu wa Batang na Lithang, na makao ya watawa yenye ardhi, wapangaji na bunduki zake yenyewe. Miaka ya 1720 watawala wa Qing, ukoo wa kifalme wa China, waligawa: magharibi ya mpaka walioupima, Lhasa itawale, mashariki, machifu wabaki na vyeo vyao wakiwa chini ya jimbo la Sichuan. Kwa miaka mingi "kuwa chini ya Sichuan" hakukuwa na uzito mkubwa, ilimradi ushuru wa heshima ufike na barabara ya kwenda Lhasa iwe wazi.

Kilichoiunganisha Kham na China kwa kweli kilikuwa chai. Watibeti wanakunywa chai kwa siagi na chumvi kutwa nzima, na mmea wenyewe haustawi kwenye baridi ile. Ulilimwa Ya'an, bondeni, mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, ukagandamizwa ukawa matofali, kisha ukapandishwa kwa mgongo wa binadamu hadi Kangding, mji ambao Watibeti huuita Dartsedo, penye mita 2,500 hivi. Mpagazi wa misafara ya Bagamoyo na Ujiji alihesabiwa mzigo wa frasila mbili, kilo thelathini na kitu. Wapagazi wa Ya'an walibeba kilo 70, 80, na wenye nguvu walipita 100. Vifurushi vilipangwa mgongoni hadi vikapita kichwa. Kila mmoja alishika fimbo fupi yenye umbo la T na ncha ya chuma. Akichoka hakuketi, kwa sababu akiuweka mzigo chini hawezi kuuinua tena peke yake; aliiegemeza fimbo chini ya mzigo, akasimama akahema, kisha akaendelea. Ncha zile za chuma zimeacha vishimo kwenye mawe ya njia, na bado vinaonekana.

Kangding chai ilifunguliwa, ikafungwa upya katika ngozi mbichi za yaki, ng'ombe wa manyoya marefu wa milimani, ikashonwa. Ngozi ikikauka inabana kama chuma, mvua haiingii. Hapo ndipo wapagazi waliishia na misafara ya yaki na nyumbu ikaanza. Mfanyabiashara wa Kitibeti alifikia kwenye nyumba maalumu, guozhuang, ambazo kwa hesabu ya jadi zilikuwa 48. Mwenye nyumba, mara nyingi mwanamke, alikuwa mpangishaji, mkalimani, dalali na mdhamini kwa wakati mmoja. Sufu, miski, dhahabu na dawa za miti shamba zilishuka, chai ikapanda.

Na fedha? Hapa utafurahi, Mwalimu. Hadi mwishoni mwa karne ya 19, sarafu iliyopendwa Kham ilikuwa rupia ya India, ileile yenye kichwa cha Malkia Victoria iliyokuwa ikipita Zanzibar na Mombasa. Ilivuka Himalaya kwa wafanyabiashara na ikawa inaisukuma pembeni fedha ya Kichina. Wakuu wa Sichuan waliona aibu hiyo, wakaamua mwanzoni mwa miaka ya 1900 kupiga rupia yao Chengdu, mji mkuu wa Sichuan: ukubwa uleule, lakini badala ya Victoria pana uso wa mfalme Guangxu. Kwa desturi ya China uso wa mfalme haukuwekwa kwenye fedha inayoshikwa sokoni, lakini huku mpakani waliuweka. Mimi naiona sarafu hiyo kuwa hati ya kwanza ya jimbo la Xikang, miaka zaidi ya thelathini kabla halijatangazwa. Inaonyesha kilichowauma: si Kham yenyewe, bali nani atakayeingia Tibet kupitia India.

Hofu hiyo ikapata mwili 1904, jeshi la Waingereza chini ya Francis Younghusband lilipoingia Lhasa kwa bunduki. Chai ya Assam ilikuwa tayari inanyemelea soko la Ya'an. Sasa na wanajeshi nao. Beijing ikaona haitoshi tena kuwa na machifu wenye vyeo, inataka wakuu wa wilaya. Ikamtuma Batang ofisa aitwaye Feng Quan, aliyetaka kupunguza idadi ya watawa na kuleta walima mashamba kutoka Sichuan. Walinzi wake walivaa na kupiga gwaride kizungu, watu wakanong'ona kwamba huyu hawezi kuwa mjumbe wa kweli wa mfalme. Mwaka 1905 aliuawa njiani akiondoka Batang.

Aliyefuata ni Zhao Erfeng, na Kham haijamsahau. Wachina wenyewe walimpa jina la Zhao Mchinjaji. Mwaka 1906 aliyazingira makao ya watawa ya Sampeling, huko Chagtreng, kwa miezi, hadi alipoyakatia maji. Baada ya hapo aliwaondoa machifu mmoja baada ya mwingine, akaweka wakuu wa wilaya wa Kichina, akafungua shule za Kichina, akaahidi ardhi kwa wahamiaji, ambao wengi baridi na chuki za wenyeji ziliwarudisha kwao. Mwaka 1910 jeshi la Sichuan likafika Lhasa yenyewe, Dalai Lama wa 13 akakimbilia India. Mwaka uliofuata, msaidizi na mrithi wa Zhao, Fu Songmu, aliandika kwa mfalme kuomba nchi hii ifanywe jimbo, na jina alilopendekeza ni Xikang. Ombi lilifika wakati mbaya. Mapinduzi yalizuka Sichuan, na Desemba 1911 Zhao alikatwa kichwa Chengdu.

Kwa hiyo wazo la Xikang ni la utawala wa kifalme, na jamhuri ililirithi pamoja na madeni yake. Kambi za Kichina zilibaki Kham bila mishahara, zikila kwa wanakijiji. Mwaka 1914 huko Simla Waingereza walijaribu kuwapatanisha China na Tibet kwa kuigawa nchi kuwa Tibet ya Ndani na ya Nje, lakini serikali ya China ilikataa kutia sahihi. Mwaka 1917 ugomvi ulianza karibu na Riwoche juu ya askari wawili wa Kitibeti waliokuwa wakikata majani ya farasi, ukageuka vita. Jenerali wa Kichina wa Chamdo, mji ulio magharibi ya Jinsha, Peng Risheng, alisalimu amri Aprili 1918. Jeshi la Lhasa lilivuka Jinsha na lingeweza kwenda mbali zaidi kama balozi mdogo wa Uingereza, Eric Teichman, asingeingia kati. Kusitisha vita kwa 1918 kuliiachia Lhasa Derge, mashariki ya mto, na China ikabaki na Batang, Lithang na Garze.

Serikali ya China, iliyokaa Nanjing wakati huo, ilitangaza 1928 kwamba maeneo ya mipakani yatakuwa majimbo: Rehe, Chahar, Suiyuan, Ningxia, Qinghai na Xikang. Mengine yalipata magavana upesi. Xikang lilisubiri miaka kumi, kwa sababu ndogo tu: halikuwa na pesa wala amani. Mwaka 1930 makao mawili ya watawa, Beri na Targye, yaligombana juu ya mashamba, Lhasa ikaunga mkono upande mmoja na Wachina wa mwingine, na vita vikarudi. Safari hii Watibeti walifika Nyarong kisha wakarudishwa nyuma. Mapatano ya 1932 yaliuweka mpaka kwenye Jinsha. Derge likakatwa katikati na maji yake lenyewe.

Aliyeshika upande wa Wachina ni Liu Wenhui, mbabe wa kivita wa Sichuan. Hesabu zake zilikuwa Chengdu, si milimani. Lakini alipigana na Liu Xiang, ambaye kiukoo alikuwa mwanawe, yaani Wenhui ni baba mdogo, ingawa kwa umri "mwana" alimzidi "baba" miaka kadhaa. Mwaka 1933 baba mdogo alishindwa, akabakiziwa Ya'an na milima ya nyuma yake. Hapo ndipo Xikang lilipopata mtu wa kulitaka, kwa sababu alikuwa amepoteza pengine pote. Nyumbani kwao Dayi, jumba la kaka yake Liu Wencai lilikuja kufanywa makumbusho ya unyonyaji wa makabaila, lakini hayo ni ya baadaye.

Jimbo lilipotangazwa 1939, makao makuu Kangding, lilikuwa mkeka ulioshonwa vipande vitatu. Kham haikuweza kujilipia hata karani, kwa hiyo Sichuan ilimegwa: Ya'an, ya Wachina wenye chai, na Ningyuan, upande wa Xichang, ambako milimani waliishi Wayi, watu ambao hakuna jeshi lililokuwa limewatiisha na ambao walikuwa wakiteka Wachina wa bondeni na kuwafanya watumwa. Ningyuan ililisha hazina kwa afyuni. Vitabu vya kumsifu Liu Wenhui hupita haraka hapo. Husimulia zaidi amri yake kwamba mkuu wa wilaya ambaye ofisi yake itaonekana nzuri kuliko shule ya wilaya, auawe. Shule alijenga, hilo ni kweli. Lakini mwanakijiji wa Kham alimjua zaidi kwa ula, kazi ya lazima: ofisa akipita, toa farasi, toa yaki, toa kijana wa kubeba, bila malipo ya maana.

Wakhampa wenyewe hawakukaa kimya, na hapa ndipo vitabu vya pande zote mbili hupungukiwa. Mwaka 1932 Kesang Tsering, mzaliwa wa Batang aliyekuwa mwanachama wa Kuomintang, chama kilichotawala China wakati huo, alirudi kwao, akawanyang'anya silaha askari wa Liu, akatangaza Kham itawaliwe na Wakhampa. Alidumu miezi. Mwaka 1934 Topgyay wa ukoo wa wafanyabiashara wa Pandatsang aliasi upande wa pili wa mto, dhidi ya Lhasa, kwa hoja hiyohiyo. Mwaka 1935 Norlha, lama, yaani mwalimu wa dini, alijaribu tena dhidi ya Liu, akaangukia mikononi mwa Jeshi Jekundu la Wakomunisti na kufia humo 1936. Jeshi Jekundu nalo lilikuwa likipita kwenye safari yake ndefu; lilivuka daraja la minyororo 13 la Luding tarehe 29 Mei 1935, na mwaka uliofuata likaunda Garze serikali ya Watibeti iliyodumu kwa muda wanajeshi walipokuwapo tu. Ukiuliza Mkhampa wa enzi hizo yuko upande wa China au wa Lhasa, swali lenyewe halikuwa lake. Majeshi yote mawili yalikula shayiri yake.

Wakati wa vita vya dunia Kangding ilinona. Barabara ya Burma ilipofungwa 1942, bidhaa kutoka India zilipita Lhasa kwa nyumbu na yaki hadi sokoni huko, na koo kama Pandatsang zikatajirika.

Liu Wenhui aliruka meli kwa wakati wake. Tarehe 9 Desemba 1949, pamoja na majenerali wenzake wawili, alitangaza kwenda upande wa Wakomunisti. Xichang ilikuwa ngome ya mwisho ya Kuomintang bara, ikaanguka Machi 1950. Wakomunisti hawakulifuta jimbo. Walihamishia serikali yake Ya'an, na Novemba 1950 wakaanzisha Kangding mkoa wenye utawala wa ndani wa Watibeti, wa kwanza wa aina yake baada ya 1949, chini ya Sangye Yeshe, mmoja wa vijana wa Kitibeti waliofuata Jeshi Jekundu miaka ya thelathini. Liu alilipwa vizuri: alikuja kuwa waziri wa misitu.

Wakati huohuo, Oktoba 1950, jeshi la ukombozi la Wakomunisti lilivuka Jinsha na kuiteka Chamdo. Sasa, Mwalimu, kwa mara ya kwanza tangu jimbo litangazwe, kingo zote mbili zilikuwa mikononi mwa serikali moja. Ramani yako ingeweza kuwa kweli kwa kalamu moja tu ya Beijing. Haikufanyika hivyo. Chamdo ilitawaliwa peke yake, na Xikang likabaki mashariki ya mto.

Sababu kubwa ya jimbo kuwepo ilikuwa kuukaribia Lhasa. Tarehe 25 Desemba 1954 barabara ya magari ilifika Lhasa, ikianzia Ya'an, na maelfu ya askari na vibarua walikuwa wameijenga juu ya vilele vile. Jimbo la kati halikuwa na kazi tena. Pia Beijing ilikuwa katika kupunguza majimbo. Tarehe 30 Julai 1955 bunge liliamua kuyafuta Rehe na Xikang. Kuanzia Oktoba, Xikang likaingia Sichuan lote. Chamdo ikapelekwa upande wa Tibet. Taipei, yaani serikali ya Kuomintang iliyokimbilia Taiwan, kwa upande wake iliendelea kulichora kwenye ramani zake rasmi kwa miongo mingi.

Hapo ndipo mstari wa mto ulipouma. Mkataba wa 1951 kati ya Beijing na Lhasa uliahidi kwamba Tibet haitalazimishwa mageuzi. Ahadi hiyo ilihesabiwa kuwa ya magharibi ya Jinsha. Mashariki, kwa kuwa ni Sichuan, mageuzi ya ardhi na kunyang'anya silaha yalianza mara moja. Ndugu wawili wa Derge, mmoja kila ukingo, walikuwa chini ya sheria mbili. Uasi ulilipuka 1956, ndege zikayapiga mabomu makao ya watawa ya Lithang, na watu wakavuka mto kwa maelfu kukimbilia Lhasa. Kati yao wakatoka waliounda Juni 1958 jeshi la Chushi Gangdruk, likiongozwa na Gompo Tashi, mfanyabiashara wa Lithang. Yaliyotokea Lhasa Machi 1959, hadi Dalai Lama wa 14 akakimbilia India, yalibebwa kwa sehemu kubwa na wakimbizi hao wa lililokuwa jimbo la Xikang.

Kuhusu watu wake leo: Kham ya mashariki ni Wilaya Kuu ya Watibeti ya Garze, ndani ya Sichuan, na Kangding bado ndio makao yake makuu. Xichang ni makao ya Liangshan, ya Wayi. Ya'an ni mji wa Sichuan kama mingine na bado inasukuma chai ya matofali. Chamdo iko Mkoa Unaojiendesha wa Tibet. Mgeni akitoka Chengdu kwa basi anaweza kufika Derge kwa viza yake ya kawaida; akitaka kuvuka daraja la Jinsha kwenda upande wa pili, anahitaji kibali maalumu cha Tibet na wakala wa kumsindikiza.